Mboga za Huku, We Acha Tu

Kaka yangu alikuja na pikapu jua likiwa bado kali, kumhamisha baba kutoka kwangu, na chanzo cha yote kilikuwa neno moja tu: mboga.

Baba alikuwa na bucha. Mtaa mzima walimwita Shoka, maana mfupa wa paja alikuwa akiukata kwa pigo moja, na pigo la pili alisema ni la wanafunzi. Kwetu nyama haikusubiri sikukuu. Ilikuwapo mchana, ilikuwapo jioni, na katikati kulikuwa na supu. Halafu moyo ukamgomea. Wakampasua kifua, wakamshona, wakanikabidhi mzee aliyebaki mifupa na macho. Daktari akasema nyama nyekundu basi, vya kuogelea kwenye mafuta basi, lakini apate protini ya kutosha ili kidonda kifunge na misuli irudi. Nikamuuliza aitoe wapi. "Jamii ya kunde," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Bucha alikuwa ameshamwachia kaka. Baba mwenyewe akaja kwangu, kwa sababu nyumba yangu haina ngazi na mimi sina mume wa kumwomba ruhusa. Natengeneza friji. Wateja wananiita Mama Baridi, na wakichelewa kunilipa wanagundua jina halihusu friji peke yake.

Karakana kwangu kulikuwa na kikaangio cha hewa kilichokufa, mteja aliniambia nikitupe. Nikakifungua jioni moja kwa udadisi. Watu wanakizungumzia kana kwamba kimeshuka kutoka mbinguni, kumbe ndani ni koili ya moto na feni juu yake, basi. Fyuzi ndiyo iliyoungua. Nikaibadilisha, feni ikavuma, nikakibeba nyumbani kwapani.

Siku ya kwanza niliaibika. Nilitengeneza vidonge vya choroko, nikavijaza kwenye kikapu mpaka juu, vikatoka vimechoka, nje vibichi, ndani uji. Mimi, ninayewagombeza watu kila siku kwa kujaza friji mpaka hewa haipiti, nilijaza kikapu mpaka hewa haipiti. Baba alikichungulia kimoja akauliza kama kimefanyiwa upasuaji na yule daktari wake. Niliudhika, lakini ndiyo mara ya kwanza alinitania tangu atoke hospitali, kwa hiyo nikavumilia.

Nikajifunza. Choroko zilowekwe, zisichemshwe, zisagwe mbichi pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, kisha ufuta uchanganywe mwishoni. Vidonge vipangwe safu moja, vipewe nafasi kama watu wanaoheshimiana. Mafuta ni ya kupaka kwa brashi tu, juu juu. Katikati ya safari unavigeuza. Tofu, ile jibini ya soya, inakamuliwa maji kwanza, la sivyo inakaa kwenye moto inalia tu bila kuiva.

Tofu ndiyo iliyomwamsha baba. Alinikuta naikata kwa kisu changu cha vitunguu akashindwa kuvumilia. Akaniambia nimletee kisu chake. Akakinoa taratibu, akaikandamiza ile tofu chini ya jiwe lake la mizani lililotoka buchani, akaigeuza huku na huku.

"Haina mfupa, haina mshipa, haina nyuzi," akasema. "Mnyama gani mvivu hivi?"

Lakini aliikata, vipande sawasawa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla yake. Akipumzika anakaa kitini, akipata nguvu anasimama. Mashavu yakarudi. Akaanza kugombana na redio, nikajua mzee anapona.

Sasa tuje kwenye neno. Nyumbani kwetu, chochote kinachosindikiza wali ni mboga. Nyama ni mboga, samaki ni mboga, yai ni mboga. Buchani watu walikuwa wakimwambia baba, "Shoka, nipimie mboga nzuri," naye anapima steki. Wifi yangu, mke wa kaka, katoka kwingine. Kwao mboga ni majani, na ukiita nyama mboga wanakutazama usoni kuona kama una homa.

Wifi akapiga simu kumjulia hali baba. Nilikuwapo, nilisikia kila neno. Baba alikuwa ametoka kula, ameegemea ukuta, tumbo mbele.

"Mboga za huku, mwanangu, we acha tu!" akasema. "Huyu binti ananipa mboga mpaka natoka jasho. Sina la kusema."

Alikuwa ananisifu. Nilifurahi hadi nikaondoa vyombo nikiimba. Kumbe upande wa pili wifi amesikia mzee aliyepasuliwa moyo analishwa majani, jasho linamtoka, na hali ni mbaya kiasi kwamba hata kuisimulia hawezi.

Ndipo likaja pikapu.

Kaka hakupiga hodi. Aliingia akiwa bado na koti la buchani, akapita hadi chumbani kwa baba, akakunja godoro lake, akalitoa nje na kulitupa nyuma ya gari. Kisha akaja jikoni, ambako mimi nilikuwa napaka mafuta vidonge vya safu ya pili, ya kwanza ikiwa tayari kikaangioni, na baba anakata tofu, akaweka mezani furushi la nyama linalovuja damu kwenye karatasi.

"Mpikie baba chakula cha mwisho cha maana," akasema, "halafu tunaondoka naye."

"Kwanza salamu," nikamwambia. "Hii ni nyumba ya mtu, si zizi."

"Salamu gani? Baba mwenyewe ameshtaki. Unamlisha majani!"

"Nani ameshtaki?" baba akauliza, kisu mkononi.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na pochi yake, macho yote kwenye kikaangio. "Baba, si uliniambia mwenyewe? Mboga mpaka unatoka jasho. Ukasema we acha tu. Nikalia, baba. Wallahi nililia."

Baba akaniangalia, nikamwangalia. Nikavuta kikapu, moshi mtamu wa ufuta ukajaa jikoni, vidonge vimeiva vimekuwa rangi ya udongo wa tofali. Nikavimimina sahanini, nikatia safu ya pili, kisha nikaweka kimoja kwenye kisahani nikampa wifi.

"Hiyo ndiyo mboga," nikasema. "Na jasho ni la pilipili."

Wifi akauma. Kikalia kwaruu. Akatafuna, akatafuna tena. Ukweli ulipomfikia alijishika kinywa, akaanza kucheka hadi pochi ikaanguka. "Yaani mboga ni hiki? Na we acha tu ilikuwa sifa? Jamani, baba, mimi nimemtoa mume wangu kazini!" Baba naye akacheka, akashika kifua chake pale penye mshono kama alivyofundishwa, akaendelea kucheka.

Kaka hakucheka.

"Haya, ni kitamu," akasema. "Sawa. Kina nyama ndani?"

"Hakina."

"Basi godoro libaki huko huko garini." Akakaa kwenye kiti, akaupangusa uso kwa kiganja. Sauti ilishuka, nikajua sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. "Nyinyi mnacheka. Mnajua buchani wananiambiaje? Wanasema Shoka amekuwa sungura. Mtu ananunua nyama yangu ananiuliza, kama ni nzuri hivyo mbona babako haili? Leo mmoja kaniletea karoti. Kaiweka juu ya mizani, mbele za watu, eti nimpelekee mzee."

Ningeweza kumwonea huruma. Kaka yangu si mtu mbaya, na wateja wana midomo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha baba kwa kitambaa alipokuwa hawezi kuinua mkono, na huyu alikuwa anatuma maini kwa bodaboda. Damu ilinipanda.

"Kwa hiyo baba arudi kula nyama ili ile karoti iondoke kwenye mizani yako?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Sikiliza, kaka. Nakuheshimu, wewe ni mkubwa wangu. Lakini baba hatoki hapa kwenda kuwa tangazo la bucha. Ukitaka tangazo, chora ng'ombe ukutani. Na hii nyama yako ichukue, inanichafulia meza."

"Wewe ni mtoto wa kike, huwezi kuniamulia habari za baba yangu!"

"Mtoto wa kike ndiye aliyemkalisha pale anakata tofu. Wewe mtoto wa kiume umekalisha nini zaidi ya godoro?"

Wifi akasema "jamani, jamani," kama watu wanavyosema wakitaka ugomvi uendelee kidogo kwanza. Kaka alisimama. Nami nilikuwa nimesimama tayari, koleo la kugeuzia mkononi, na sitadanganya, nilikuwa tayari kulitumia.

"Baba," kaka akasema, "sema mwenyewe. Unakuja au unabaki na hivi vyakula vya upepo?"

Baba aliweka kisu chini. Akaifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya zamani akifunga bucha. Akalivuta lile furushi, akafunua karatasi, akaitazama nyama kwa muda. Akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Steki nzuri," akasema. "Umejua kuchagua. Hilo nilikufundisha vizuri."

Nikaweka koleo chini. Akaifunika tena.

"Mama yenu alikuwa na ugonjwa huu huu," akasema. "Kifua kinambana, mimi nakata nyama yenye mafuta zaidi, namwambia kula upate nguvu. Alikula. Alikufa kwenye nyumba iliyojaa nyama, na mtaa mzima ukaja kuzika ukasema Shoka alimtunza mkewe. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata mmoja aliyeweka karoti popote."

Kikaangio kilikuwa kinavuma peke yake na safu ya pili, na nilisahau kuigeuza.

"Sasa mimi niko hai, wanacheka," baba akasema. "Waache wacheke. Kesho akija yule wa karoti, mpimie nyama yake vizuri, umwambie Shoka amesema ahsante, karoti ameipokea. Na sasa nina njaa, kwa hiyo mpisheni njia mpishi."

Akachukua kisu, akarudi kwenye tofu yake.

Kaka alibaki ameinamisha kichwa. Alilia, tena kwa sauti, mtu mzima na koti lake lenye madoa. Sikuwahi kumwona akimlilia mama namna ile hata siku ya msiba. Sikumbembeleza, nilikuwa bado na hasira, lakini nilisogeza kiti chake karibu na meza kwa mguu. Hakukaa. Alitoka nje.

Tulidhani tutasikia gari likiwaka. Wifi alikuwa ameshaanza kidonge cha tatu na hakuonyesha dalili ya kufuata. Halafu nikasikia mlango wa nyuma wa pikapu ukishushwa, na majirani wakiuliza kulikoni, na sauti ya kaka ikiwajibu kwa ukali kwamba hakuna kilichotokea, mzee yupo kwake.

Akaonekana mlangoni, mwenye bucha mzima, godoro la baba kichwani, limemfunika mpaka machoni hata njia haoni. Sikumsaidia. Nilimshikia mlango tu, nikamwambia, "Kushoto, kaka. Na ukishalitandika, unawe mikono, mboga inapoa."