Leza ya Tumpale

Mpiga tarumbeta ya kwanza hawezi kuwa na pengo mbele. Pumzi itampitia hapo. Jonasi wa bendi ya kanisa la Makwale alilijua hilo. Daktari wa meno alikuwa amemwonyesha kwenye kioo madoa meupe kama chokaa juu ya meno yake mawili ya mbele: meno yalikuwa yameanza kuoza. Chanzo kilijulikana. Kila msimu wa kupasua kokoa, Jonasi alifyonza ute mtamu wa mbegu kutwa nzima. Mkewe, Anyes, alimkataza kila mwaka, naye kila mwaka aliitikia mdomo ukiwa umejaa.

Mwaka 1998, biashara ya mpakani ikiwa imefunguka, Tumpale, mchuuzi wa Bondeni, alirudi kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, na kikurunzi chembamba kama kalamu, chenye kutoa nukta nyekundu.

"Hii ni leza, kaka. Gazeti limeandika: Ulaya wanaimarisha meno kwa leza."

"Inauma?"

"Unapuliza shaba mpaka macho yanatoka, leo unaogopa nukta? Fumbua kinywa."

Akammulika, kisha akatoa masharti. Apige mswaki asubuhi na jioni kwa dawa yenye floridi. Kokoa asifyonze, ama sivyo mwanga utamtoka.

"Hata mbegu moja?"

"Hata moja."

"Ndaga, Tumpale," alishukuru Jonasi kwa huzuni.

Alipasua kokoa msimu mzima kinywa kimefungwa. Wenzake wakamwita bibi harusi. Pasaka ilipokaribia, akaenda na Anyes kwa daktari. Daktari akagusa meno kwa chuma, akagusa tena. Madoa yalikuwa yamekuwa magumu.

"Umefanya nini?"

"Leza."

Jonasi alipomaliza kueleza, daktari alimsahihisha. Leza ya kweli hupasha uso wa jino joto kali, asidi ikashindwa kuuyeyusha kwa urahisi, na jambo hilo bado lilikuwa likichunguzwa. Kikurunzi cha Tumpale kisingepasha joto hata sisimizi. Kilichomsaidia ni floridi na kuacha kufyonza.

Anyes akatazama sakafu. Kokoa nyingine zilikuwa zinaiva shambani.

"Daktari," alisema Jonasi, "bila taa ile ningeacha?"

"Usingeacha," Anyes akajibu.

"Basi imefanya kazi."

Daktari alitafuta kosa katika hoja ile, kisha akaenda kunawa mikono.

Nje, Anyes alimuuliza mumewe kama ameelewa alichoambiwa.

"Nimeelewa vizuri. Tupitie Bondeni, Tumpale animulike tena. Na aweke betri mpya."

Anyes hakubisha. Alitangulia yeye.