Jina la Kuvukia Mpaka

Mama yangu alirudishwa mpakani kwa sababu ya kusema ukweli.

Aliulizwa jina, akasema Mwambuyi. Ofisa wa pale Kasumbalesa alitazama pasipoti, akamtazama yeye, akauliza tena. Mama akarudia polepole, kama mtu anayemsaidia kiziwi. Kwenye pasipoti palikuwa pameandikwa Kankolongo Jocelyne. Ofisa alidhani mwanamke huyu ameazima kitabu cha mwenzake, na kwa kuwa wenye tabia hiyo hawakosi kwenye mpaka wowote, akafanya kazi yake: akamwambia arudi nyumbani akatafute karatasi zenye jina lake. Mama hakubishana. Alipanda basi la Lubumbashi, kisha la Kolwezi, akaingia uani kwetu Kasulo na mzigo kichwani, vumbi mpaka kwenye kope, akatangaza kwamba serikali haimjui.

Mbuyi ni mimi. Pacha wangu ni Kabanga. Kwa Waluba wa Kasai pacha anayetangulia huitwa Mbuyi, anayefuata huitwa Kabanga, na tangu siku hiyo wazazi wao huacha majina yao. Baba anakuwa Shambuyi, mama anakuwa Mwambuyi. Si jina la utani. Ni heshima, na ni kinga pia. Babu yetu alipoletwa Katanga kufanya kazi migodini aliacha mambo mengi Kasai, lakini hilo alikuja nalo. Anayemwita mama wa mapacha kwa jina lake la usichana anawadharau mapacha wenyewe, na mapacha wakidharauliwa, wazee husema, huwa wanataka kurudi walikotoka. Kwa hiyo sokoni, kanisani, hata kwa fundi cherehani, mama ni Mwambuyi. Fomu za pasipoti nilizijaza mimi. Yeye alitia vidole vyake kwenye mashine, na mpiga picha akamwambia afunge mdomo. Hakuna aliyemwomba atamke kitu.

Sasa Kabanga alikuwa ng'ambo, Chingola ya Zambia, alikoolewa na Rémy Numbi, fundi wa malori. Alikuwa na mimba ya mapacha, na siku zilikuwa zimekaribia. Kwetu, mama mpya wa mapacha hupokelewa na mama mwingine wa mapacha. Huyo ndiye humpaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso. Humwimbia nyimbo ambazo siku nyingine mtu mwenye haya haziimbi. Na yeye ndiye humwita kwa mara ya kwanza: Mwambuyi. Kabla hajaitwa, mzazi ni kama mtu aliyesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Na Chingola Kabanga hakuwa amempata mwanamke wa kumfanyia hivyo. Alinipigia simu mchana mmoja, sauti yake ikija na kupotea, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Mama asipofika, nani ataniita?"

Nilimwahidi kwamba mama atafika. Nilikuwa nimemaliza lisansi, shahada yangu ya sheria, mwaka ule, na niliamini kwamba karatasi zikiwa safi, dunia itafungua mlango. Bado naamini, ingawa sasa naamini na mambo mengine.

Tukaanza upya. Nilitandaza mkeka, nikapanga pasipoti, karte ya njano ya chanjo, barua ya mwaliko iliyotiwa saini na Rémy, na cheti cha kliniki cha Kabanga, vyote ndani ya bahasha ya plastiki. Kisha tukaufungua mzigo. Mama alikuwa amefunga kila kitu kwa jozi: kofia mbili za sufu, mashuka mawili madogo, mabeseni mawili ya rangi moja, maana pacha mmoja hapewi kitu ambacho mwenzake hana. Nilimwambia watu wa forodha watamwona mfanyabiashara. Akajibu kwamba basi nao wazae mapacha, wataelewa. Juu ya pemba alikubali shauri langu. Alikuwa ameisaga tayari ikawa unga, nami nikamweleza kwamba mtu anayetoka Kolwezi na unga ndani ya mfuko, hata uwe mweupe kama maziwa, ataulizwa umetoka shimo gani la madini. Tukanunua mabonge sokoni, yale ambayo wanawake wajawazito huyatafuna.

Likabaki jina. Nilivuta meza mlangoni, nikakaa nyuma yake kama ofisa, mama akasimama mbele yangu na bahasha yake.

"Jina lako nani, mama?"

"Mwambuyi."

"Mama, ofisa anataka lile la kwenye kitabu."

"Basi asome. Mi sikumukataza kusoma."

Tulirudia mara nyingi. Nilibadilisha sauti, nikawa ofisa mkali, nikawa ofisa mchovu, nikawa ofisa anayetaka kwenda kula. Kila mara alifika kwenye ukingo wa lile neno, akasimama. Mwishowe nilimwambia kwamba ni maandishi tu, kwamba jina la kwenye karatasi haligusi mtu. Akaweka bahasha mezani, akakaa juu ya beseni lililopinduliwa.

"Weye hauyue," akasema. "Siku muliingia mu dunia, weye ulitoka, Kabanga akabaki. Bamama balisema amekufa mu tumbo. Mwenye alikuwa ananizalisha akaanza kuniita Mwambuyi, Mwambuyi, mbele Kabanga hajatoka. Njo akatoka. Ile jina ya zamani niliiweka chini siku ile. Sasa Kabanga naye eko karibu ya kuzala, unataka niiokote? Nikiiokota, hii ingine inaanguka."

Nikairudisha meza ndani.

Alasiri ile joto lilitulia juu ya mabati, na mtaa wote ukawa kama umelala macho wazi. Ardhi ya Kasulo ina matundu. Watu wamechimba chini ya vyumba, chini ya majiko, chini ya vitanda vyao, na kukiwa kimya unasikia nyundo za vijana wachimbaji huko ndani, tu, tu, tu, kama moyo wa mtu mkubwa aliyejinyoosha chini yetu. Nililala kwenye mkeka kando ya bahasha, nikaliona jina la mama huko chini. Halikuwa limevunjika. Lilikuwa limekaa gizani kati ya mawe ya kijani na ya buluu, likingoja mtu ashuke kwa kamba. Sijui kama nilikuwa nimesinzia. Nilipofumbua macho, baba alikuwa amerudi na anavua viatu.

Baba yangu, Tshimanga Godefroid kwenye karatasi, ni mtu wa maneno machache. Nilimuuliza kwa sauti ya chini alikuwa akimwita mama nani kabla yetu. Alicheka, akatazama jikoni kwanza kuhakikisha hasikilizwi. Akanisimulia kwamba mama alikuwa msichana wa Lubudi, akiuzia viazi vitamu abiria wa treni, na yeye baba, kila aliposafiri, alikuwa akiinama dirishani na kumwita kabla magurudumu hayajasimama. Mama alijifanya hasikii. Alikuwa akigeuka wakati treni imeshaanza kuondoka, ili baba asipate nafasi ya kusema jambo la maana. Baba alisema kwamba alioa kwa sababu ya hasira tu.

Kisha akainuka, peku, akaenda akasimama katikati ya ua.

"Jocelyne," akaita.

Mama alikuwa jikoni anapepeta unga. Ungo ukasimama. Hakutoka, ila tulimsikia akisema, "Shambuyi, uko na wazimu, utaua batoto ya Kabanga." Lakini kutoka nilipokaa niliuona mkono wake ukipanda taratibu kichwani, kuweka sawa kitambaa chake.

Hata hivyo alikataa. Usiku ule alikula bila kutuangalia, na asubuhi alisema kwamba huenda Rémy angetafuta Mluba mwingine huko, hata wa kanisa jingine. Nilijua anamwona Kabanga mlangoni kwa watu, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Tulikuwa tunafunga mzigo tena, ingawa hakuna aliyesema kama utasafiri. Chini kabisa palikuwa na kitenge cha Kabanga, kipya, cha manjano na ndege wa buluu, bado kinanuka gundi ya dukani. Nilitaka kumchekesha mama. Nikajifunga kiunoni, nikatembea mbele yake kama Kabanga anavyotembea, kiburi kingi, tumbo mbele.

"Toa," mama akasema kwa ukali. "Mutu akipeleka kitenge ya zawadi, hawezi kuivala mu njia."

Nikakifungua. Nilipomkabidhi hakukipokea. Alikuwa ametulia, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka mbali. Chini yetu nyundo zilikuwa zinagonga. Aliniuliza, kwa upole kabisa, kama Kabanga akizaa ataitwa nani. Nikasema Mwambuyi. Akauliza nani atampelekea jina hilo. Nikasema yeye.

"Basi niko naipeleka," akasema. "Njo maana. Sitaivala mu njia."

Akachukua kitenge, akakikunja kwa makini kushinda nguo zote, akakiweka chini ya mashuka ya watoto, na juu yake akaweka kiganja chake kwa muda mrefu. Nadhani aliliweka humo jina la Mwambuyi. Sikumuuliza. Kuna mambo ambayo mtoto wa sheria anaweza kuyaharibu kwa swali moja.

Nilimsindikiza. Basi liliondoka Kolwezi alfajiri, ukungu umelalia mashimo makubwa, na kwa muda ilionekana kama mji wote unaelea na sisi peke yetu ndio tunaosonga. Baada ya mji wa Likasi midomo ya mama ilianza kwenda, bila sauti, kama mtu anayesali au anayejaribu kiatu cha zamani.

Kasumbalesa palijaa malori yaliyobeba mabamba ya shaba, yakingoja kwa foleni isiyoonekana mwisho. Mimi sina pasipoti, kwa hiyo nilisimama kwenye kizuizi, karibu kiasi cha kusikia. Dirishani mara hii alikuwa ofisa mwanamke, na kalamu nyuma ya sikio.

"Jina?"

Mama aliinua mkono, akaushika mzigo kichwani. Watu nyuma yake wakaanza kusukumana. Nilitamani kumjibia, nikashika chuma cha kizuizi kwa mikono miwili.

"Jocelyne," akasema.

"Sisikii, mama."

"Jocelyne Kankolongo," akasema, kwa sauti ambayo ingesikika dirishani kwa treni. "Wa Lubudi."

Lubudi hakuulizwa. Ofisa alilinganisha sura na picha, akafungua karte ya chanjo, akauliza anakwenda kufanya nini Zambia.

"Naenda kumupa mutoto yangu jina."

"Alizaliwa lini?"

"Zamani. Ni mutu mukubwa. Lakini hiyo jina hajaipata bado."

Ofisa aliinua macho, akamtazama, akatazama cheti cha kliniki, akatazama tena. Nadhani alipima kama kuna haja ya kuuliza zaidi. Nyuma foleni ilikuwa ndefu. Akavuta muhuri, akagonga.

Mama alitoka upande wa pili na bahasha kifuani na mzigo kichwani. Mbele, baada ya lango la Zambia, Rémy alikuwa anamsubiri. Mama alisimama katikati ya njia akageuka kunitafuta, uso wake ukiwa mtupu na mpya, kama ukuta uliooshwa. Nikafungua mdomo nimwite, sikujua nimwite nani. Nikanyoosha mkono tu. Naye akanyoosha wake, akacheka, kisha akaingia kati ya malori na akaenda.