Alhamisi Niliyoiruka

"Basi panda, si unajua kila kitu. Panda leo, halafu Ijumaa nipigie simu kitandani uniambie zimekufa."

Mama Tilka alisema hivyo akajiketisha juu ya kreti tupu, katikati ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kumruka.

"Nani kasema zitakufa, Mama?"

"Hata mwaka jana hukusema."

Nikapangusa mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na uchafu.

Mama Tilka ni mama mkwe wangu. Ana miaka sabini na sita na goti la kulia limekwisha kabisa. Akipanda ngazi tunasikia linavyosaga. Alisubiri zamu ya kupasuliwa kwa miaka miwili. Zamu ikafika: Jumapili tarehe kumi Mei aripoti hospitali ya mjini saa tisa alasiri, Jumatatu apasuliwe. Asipofika, nafasi anapewa mwingine, naye anarudi mkiani mwa foleni. Saa ya ukutani ilionyesha saba na nusu. Begi lilikuwa kwenye buti. Mume wangu Vili alikuwa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, akitazama mbele kama dereva wa kukodi asiyejua ugomvi ni wa nani.

Kilichomkalisha mlangoni ni miche arobaini na miwili ya pilipili hoho.

Mbegu yake aliachiwa na mama yake. Ni hoho nene, nyekundu, ile tunayoijaza nyama na wali. Mwaka jana niliipanda tarehe tisa Mei, kwa sababu simu ilisema wiki nzima ni joto, na kwa sababu nina stashahada ya kilimo na nilikuwa nimechoka kuamriwa na watakatifu. Bondeni kwetu kila mtoto anawajua: Pankracij tarehe kumi na mbili, Servacij kumi na tatu, Bonifacij kumi na nne, wanaume watatu wa barafu, ambao sikukuu zao huleta baridi ya mwisho inayoua miche. Anayewafuata ni Zofka Kikojozi, tarehe kumi na tano, na mvua yake. Zofka hajakojoa, hupandi kitu kinachoogopa baridi. Mimi nilipanda. Asubuhi ya Servacij niliikuta miche imelala chini, myeusi kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Kwenye kabati ilibaki mbegu ya kujaza kiganja tu. Ndiyo iliyozaa hii arobaini na miwili.

Safari hii mpango ulikuwa wangu pia: tuipande mbele ya macho yake kabla hajaondoka, aone kazi imekwisha, aende na moyo mtulivu. Vili alikwisha kuzipeleka kreti ukingoni mwa shamba.

"Mama, saa saba na nusu."

"Saa naiona. Goti ndilo bovu, macho mazima."

"Mbona gazeti unamsomesha Vili?"

"Namsomesha asisahau kusoma." Akaninyooshea kidole. "Haya, Mheshimiwa Diploma. Nisomee utabiri kwenye hiyo simu yako. Wiki nzima."

Nikafungua simu. Utabiri wa kaskazini-mashariki, siku saba. Niliupitia haraka kwa macho.

"Jumatatu jua, nyuzi kumi na tisa," nikasoma. "Jumanne mawingu kidogo, ishirini na moja. Jumatano upepo wa kusini, ishirini. Ijumaa mvua, kumi na nne. Jumamosi..."

"Umeruka Alhamisi."

Nimelea watoto watatu. Najua sura ya mtu aliyekamatwa na kidole kwenye jamu, na nadhani ndiyo niliyokuwa nayo. Ningeweza kusema nyuzi kumi na nane nikaendelea. Bila miwani asingeiona skrini. Angenyanyuka, angeingia garini, goti lingetengenezwa. Na Ijumaa ningempigia simu.

"Alhamisi," nikasema. "Mchana kumi na sita. Alfajiri mbingu wazi, hakuna upepo. Tatu."

"Tatu mjini."

"Tatu mjini. Kipimajoto chao kiko juu, kilimani."

"Na hapa kwetu shimoni?"

Baridi ya usiku usio na upepo hutiririka kama maji, na shamba letu ndilo bakuli lake. Nilisomeshwa hivyo miaka miwili, nikafaulu mtihani, kisha mwaka jana nikasahau.

"Sifuri," nikasema. "Pengine moja chini ya sifuri. Tukipanda leo zitakufa zote. Mwaka jana nilikosea, Mama. Sikukwambia."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Mwaka mzima," alisema. "Nimengoja neno hilo mwaka mzima, mwanangu. Nilidhani nitapata goti jipya kabla yake."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize ili unionyeshe cheti?" Akashika kizingiti, akajiinua, kreti ikaanguka nyuma yake. "Utapanda tarehe kumi na sita, Zofka akishamaliza haja zake."

"Mimi?"

"Sasa nani, Vili? Yule hatofautishi hoho na magugu. Anayeweza kuniambia moja chini ya sifuri usoni kwangu, huyo namwachia. Ila kwanza zirudi ndani. Siondoki zikiwa nje."

Nikatoka uani na kupiga kelele, "Vili, zima gari. Kreti zote zirudi jikoni."

Alitoa kichwa dirishani. "Si ulisema nizipeleke?"

"Nilisema vibaya. Njoo."

Tulikwenda mara tatu ukingoni mwa shamba na kurudi. Mama Tilka alisimama na mkongojo wake, akihesabu kila mche unaopita na kutuelekeza: hizi dirisha la kusini, hizo mezani, hilo sufuria toa. Arobaini na miwili. Mezani haikubaki nafasi ya sahani.

"Mtakula wapi?" aliuliza, akifurahi waziwazi.

"Kwa kusimama. Ingia garini."

Nilimshika mkono hadi kwenye kiti cha mbele, nikauinua mguu mbovu polepole na kuuweka ndani, nikamfunga mkanda. Saa nane na dakika tano. Mjini ni dakika arobaini.

"Kila asubuhi unipigie," alisema. "Kipimajoto cha shambani, si cha simu."

"Cha shambani."

Nikafunga mlango wake, nikakaa nyuma, nikampiga Vili begani. Akaliondoa gari.