Mpenzi wa Soka, Kirua

Mzee Ildefonce Temu hakuwa na televisheni. Hakuwa na kiatu cha mpira tangu azaliwe, hakuwahi kukanyaga uwanja wa Dar es Salaam, wala kuiona timu ya taifa kwa macho yake hata siku moja. Hakuwa na mtoto wa kiume, binti mmoja tu, Stella. Cheti cha shule hakuwa nacho, isipokuwa kile cha kisomo cha jioni, alichokipata akiwa na miaka thelathini na sita, baada ya kusoma kwa mwanga wa karabai pamoja na vibarua wenzake wa kukoboa kahawa. Na kulikuwa na kitu kimoja zaidi alichokosa, ambacho hakukijua mpaka uzeeni: ulimi wa kusema, "Hapo nilikosea."

Alichokuwa nacho ni redio ya betri tatu, na maoni. Betri zikichoka alizianika juani kwenye chekecheke la kahawa, na ole wake kuku atakayezidonoa. Siku za soko, watu wakipanda kutoka Kiboriloni, walipitia kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, na kumkuta ameshakaa na gazeti lake, na hapakuwa na aliyethubutu kuzungumza mpira kabla yake. Kamerun, aliwaambia, walicheza Italia kama watu waliokwenda kudai haki, si kama wageni waliokaribishwa chakula. Zambia walizika timu nzima mwaka tisini na tatu, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya Afrika. Sisi timu yetu iko hai yote na haifiki popote. Mtu akimuuliza kwa nini Taifa Stars hufungwa dakika za mwisho, alijibu kwamba dakika ya sabini wachezaji wetu huanza kuwaza nauli ya kurudi nyumbani. Watu walicheka, lakini waliyabeba maneno hayo na kuyasema kwingine kama yao.

Aliandikia pia gazeti. Barua zake kumi na moja zilikuwa zimechapwa katika ukurasa wa michezo, na zote alizikata na kuzihifadhi ndani ya Biblia. Kumi zilikuwa na jina lake kamili. Ya kumi na moja haikuwa na jina.

Hiyo ilimhusu Basili. Basili alikuwa mtoto pekee wa mjane Bernadetha, na kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, kilitenganishwa na cha Ildefonce kwa mfongo tu, mfereji wa maji. Alidakia timu ya kiwanda kimoja mjini Moshi mpaka serikali ilipokiuza, na mwenye mali mpya akasema yeye alinunua mashine, hakununua wacheza mpira. Timu ikafa. Basili, ambaye tayari alikuwa kipa wa timu ya taifa, akabaki na timu hiyo peke yake, akawa anajifunza mwenyewe kwa kuupiga mpira kwenye ukuta wa shule ya parokia, asubuhi na jioni, mpaka ukuta ukaota madoa.

Taifa Stars wakaenda kucheza Kampala. Ildefonce alisikiliza kila dakika. Mpaka dakika ya sabini hakuna aliyemfunga mwenzake. Kisha yakaingia mabao matatu kama kuku wanaoingia bandani. Katika bao la pili mtangazaji alisema kipa ameganda, ameganda kama nguzo, anautazama tu mpira ukipita. Ildefonce akazima redio na kutoka mlangoni. Ng'ambo ya mfongo aliona bati jipya la nyumba ya Bernadetha, limeezekwa wiki ileile, likimetameta juu ya migomba. Mambo mawili yakakutana kichwani mwake, na kwa kuwa yalikutana vizuri, akayaona ni ukweli.

"Kipa anapousindikiza mpira kwa macho," aliandika, "na wiki hiyohiyo nyumba ya mama yake ikavalishwa bati jipya, sisi wapenzi wa soka tuna haki ya kuuliza: bati hilo limetoka Kampala, au limetoka wapi?" Chini yake, kwa kuwa ni jirani, akaandika: Mpenzi wa Soka, Kirua.

Gazeti liliiweka juu kabisa, ndani ya kisanduku. Akaisoma kilabuni kwa sauti, kama barua ya mtu mwingine, na alipomaliza akakunja gazeti na kusema kwamba aliyeandika, awe nani, ana macho. Tangu siku hiyo Basili hakuitwa tena kambini. Akipita njiani, mkono wa kulia ameuficha ndani ya koti, watu walimuuliza bei ya bati. Alivumilia miezi miwili, kisha akaenda Mererani kuchimba tanzanite, na hakurudi.

Bernadetha hakujua kusoma. Kwa hiyo, kila alipotaka kumwandikia mwanawe, alivuka mfongo na kwenda kwa mtu anayejua kalamu, na mtu huyo alikuwa Ildefonce. Aliketi kwenye kigoda, akasema yake, naye Ildefonce akaandika, kwa mwandiko uleule mzuri. Katika barua ya kwanza alisema amwandikie Basili kwamba bati halivuji, kwamba ndama wao hakuuzwa bure, na kina mama wa upatu wanamsalimu. Kalamu ya Ildefonce ilisimama hapo kidogo, ikaendelea. Basi bati lilitoka kwa ndama na upatu. Lakini bado kuna ule mpira wa Kampala, alijiambia. Mpira alimwachia nani?

Barua alizipeleka Loveness, mama anayepeleka ndizi Mererani kila Jumatatu kwa lori kutoka Kiboriloni. Alipeleka sita. Lilirudi jibu moja, na Ildefonce ndiye aliyelisoma, Bernadetha ameinamisha kichwa kama yuko kwenye misa. Basili alisema ni mzima, alisema shimoni kuna joto. Mwisho aliandika: "Mama, siwezi kutembea katika njia za huko nikisalimiana na watu bila kujua ni yupi. Siku nitakayomjua aliyeandika gazeti, siku hiyo nitarudi."

Mistari hiyo Ildefonce hakuisoma. Badala yake alisema: "Anasema kazi ni nyingi, atakuja ikipungua."

"Aika, Baba Stella," akashukuru Bernadetha. "Mungu akulipe." Akaichukua ile barua, akaiweka kifuani.

Ikapita miaka miwili. Kahawa ilikuja kununuliwa na watu binafsi, kila mmoja na mizani yake. Wengine wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Bernadetha akaanza kuvimba miguu, kisha tumbo. Hospitali walimlaza, wakamtoa maji, wakamrudisha nyumbani na kuwaambia majirani wasihangaike tena na nauli. Akawa anauliza neno moja tu kila siku, kama kazi imepungua Mererani.

Wakati huohuo Zambia walikuwa wanakuja Dar es Salaam mwezi unaofuata, na kilabu kizima hakikuwa na habari nyingine. Jacob, aliyefungua banda la video Kiboriloni, alimwalika Ildefonce Jumamosi mchana aje awaeleze wateja mechi itakuwaje. Alimwekea kiti chenye mto, akamtangaza kama profesa. Ildefonce aliwaambia kwamba Zambia hupita pembeni, kwa hiyo beki wa kulia asipande; kwamba tusicheze mipira mirefu maana warefu ni wao; na kwamba shida yetu kubwa ni golikipa, tangu siku nyingi.

"Hapo kwenye kipa ngoja," alisema Jacob. "Binamu yangu dereva wa malori kaniletea mkanda kutoka Uganda. Ile ile ya Kampala. Leo wazee mtamwona mfanyabiashara wenu."

Watu wakacheka. Ildefonce akasogeza kiti mbele. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona timu ya taifa, na kwa dakika za mwanzo alisahau kila kitu. Alishangaa uwanja ulivyo mpana, na jinsi mpira unavyokwenda kimya usiposimuliwa. Basili alikuwa anadaka kama paka. Dakika ya sitini na nane ikaja kona. Basili akaruka, akakutana na mshambuliaji hewani, wakaanguka wote wawili, na goti la yule mtu likatua juu ya mkono wa Basili. Mwamuzi alikuwa anatazama kwingine. Basili akainuka. Mkono wa kulia ulining'inia, kiganja kimegeukia nje, mahali ambapo kiganja cha mtu hakigeukii. Alitazama benchi. Benchi halikuwa na mchezaji wa kubadilisha; nafasi zao walikwisha kuzitumia. Akarudi golini.

Bao la pili lilipokuja, upande wa kulia, alijaribu. Bega liliinuka. Mkono haukuinuka.

"Mwone, mwone," mtu wa nyuma akasema. "Anaangalia bati."

Banda lote likaangua kicheko. Hakuna mwingine aliyeuona mkono; waliokuja kuona mwizi walimwona mwizi. Jacob akasimamisha mkanda, Basili akabaki pale kwenye kioo akitetemeka kwa mistari myeupe, naye Jacob akamgeukia Ildefonce.

"Mzee, si ulisema aliyeandika lile gazeti alikuwa na macho?"

Watu zaidi ya thelathini walikuwa wanamsubiri. Alikuwa kwenye kiti chenye mto.

"Alikuwa nayo," alisema Ildefonce.

Alipanda mlima kwa miguu, hakutaka gari. Njiani walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa watu ambao hakuwatazama. Alijaribu kumlaumu mtangazaji wa redio, akaona haitoshi. Alijaribu kumlaumu mhariri. Bao lile mtangazaji alilitangaza kwa nchi nzima, lakini bati aliliona mtu mmoja, kutoka kwenye mlango mmoja.

Jumapili hakwenda kanisani. Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba chake akakata jani la isale. Wenyeji wanalijua: mtu aliyekosa akimpelekea aliyekosewa jani hilo, anaomba msamaha, na aliyekosewa hawezi kukataa, hata kama kosa ni la damu. Ndivyo walivyoachiwa na wazee. Akavuka mfongo akiwa amelishika chini, karibu na paja, kama mtu anayeficha fimbo.

Bernadetha alikuwa amelala karibu na jiko, mto mkubwa mgongoni maana kulala chali hakuwezi tena. Aliuliza kama kazi imepungua.

"Mama Basili," alisema Ildefonce, "ile barua nilikusomea vibaya. Nipe niisome upya."

Akaitoa kifuani, imelainika kama kitambaa. Akamsomea yote, na mistari ile ya mwisho akaisoma mara mbili. Kisha akamwambia nani aliandika gazeti. Akamwambia habari ya mkanda na mkono uliovunjika. Alisema yote kwa Kiswahili cha kusomea, lugha ya gazeti, maana kwa Kichagga yasingetoka. Alipomaliza, akainua jani la isale.

Bernadetha akaingiza mikono yote miwili chini ya blanketi.

"Usininyooshee," alisema. "Ukininyooshea sina budi kulipokea. Na mimi bado."

Ildefonce akabaki amesimama na jani. Moto ulikuwa unatoa moshi, hakuna aliyeuchochea.

"Miaka miwili," alisema Bernadetha, "nakuletea maziwa kila ukimaliza kuniandikia."

"Ndiyo."

"Ukanywa."

"Nilikunywa, Mama Basili."

Ildefonce alisema ataandika leo hii, Loveness anaondoka kesho, na jani hili atalitia ndani ya bahasha, Basili alipokee yeye.

"Hapana. Jani usitie." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutikisika. "Mimi nimekuona unakuja, nikaficha mikono. Yeye akifungua bahasha atakuwa ameshalishika. Mwandikie jina lako. Jina tu ndilo aliloomba."

Basi akarudi nyumbani. Jani alilisimamisha nje, kwenye ukuta, akaketi mezani. Barua kumi na moja za gazeti alikuwa ameziandika kila moja kwa muda wa kuchemka chungu cha maharage. Hii ilimchukua mpaka jua likageuka. Alianza na "Ndugu Basili, natumaini u mzima," akachana. Alianza na habari za redio, jinsi mtu asiyeona anavyoweza kudanganywa na sauti, maelezo mazuri yenye hoja tatu, akayasoma, akachana. Mwishowe akaandika haya:

"Basili. Mpenzi wa Soka ni mimi, Ildefonce Temu, jirani yenu. Bati lilitoka kwa ndama wenu na upatu, nami nimelijua hilo tangu barua ya kwanza niliyomwandikia mama yako. Mkono wako nimeuona jana kwenye mkanda. Nilipoulizwa mbele ya watu, nilikusingizia tena. Maneno yako ya mwisho sikumsomea mama yako mpaka leo. Amevimba, hawezi kulala chali, na hospitali wamemrudisha. Sina hakika kama atakusubiri. Ukitaka kuja kunipiga, mimi nipo. Lakini pitia kwanza kwake."

Aliisoma mara moja, akitafuta neno la kupunguza, na hakuliona. Akaandika jina lake kamili, la ubatizo na la ukoo, na kijiji. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Akaibandika kwa uji mzito, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika.

Jumatatu alfajiri alikuwa Kiboriloni kabla ya wauza mboga. Loveness alikuwa juu ya lori, akipanga mikungu. Aliuliza Mama Basili anaendeleaje, akaambiwa jana jioni hakula. Aliuliza pia, kwa mazoea, kama Zambia tutawaweza.

"Sijui," alisema Ildefonce.

Loveness akamtazama vizuri, kisha akainama kuchukua bahasha. Akaitia ndani ya mfuko wa nguo, juu yake akafunga khanga mafundo mawili. Dereva akawasha gari, likatetemeka mahali pale kwa muda, likaingia barabarani na kushika njia ya Moshi.