Jibu la Daktari Kyule

Mzee Katoo wa Isinya aliingia dukani kwa Ndanu akasalimia koti lililotundikwa mlangoni. Lilipokosa kuitikia, akakaa.

Ndanu ni mpima macho pale Kitengela. Alimpima mzee, akaona ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Akamweleza kwamba hapo miwani haina kazi; dawa yake ni kutolewa, na wa kumtoa ni Daktari Kyule, mpasuaji wa macho kule Kajiado. Mzee akashukuru, akaondoka.

Baadaye akarudi. "Daktari amesema unipe miwani kwanza," alisema. "Kali kidogo."

Ndanu hakuwahi kukutana na Kyule, lakini alijua kuna madaktari wanaowaona wapima macho kama wauza fremu tu. Akamrudisha mzee na ujumbe kwamba ukungu uko ndani ya jicho, miwani haiwezi kuuondoa. Mzee akaja na jibu: daktari amesikia, ila anaona huyu mama wa Kitengela ana haraka.

Hapo Ndanu akapiga simu. Aliongea kwa adabu, na kwa kirefu. Kyule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hajawahi kumwona mtu anayeitwa Katoo.

"Anaogopa kisu," Kyule akasema. "Atarudi kwako lini?"

"Ijumaa. Kuniletea jibu lako."

"Basi nitalileta mwenyewe."

Ijumaa mzee alimkuta mgeni kando ya Ndanu, akauliza kama huyu naye anangoja miwani. Ndanu akamwambia ni Daktari Kyule.

Mzee alifikiri, akanyoosha mkono kumsalimia Kimaasai. "Sopa, daktari. Tumeongea sana."

Kyule hakucheka. Alimweleza kwamba jicho litatiwa ganzi, utando utolewe, na jioni atalala nyumbani.

"Utando peke yake?" Mzee akamgeukia Ndanu. "Wewe ulisema ni kutolewa. Nilidhani ni jicho."

Ndanu akaomba msamaha.

Macho yalipasuliwa moja baada ya jingine, kisha Kyule akamrudisha mzee kwa Ndanu apate miwani ya kusomea. Siku hizi wao wawili hupigiana simu kila wanapotumiana mgonjwa. Mzee Katoo anajisomea Biblia, na amemwambia mkewe Naipanoi kwamba sebule ni chafu. Naipanoi bado hajamshukuru yeyote.