Leso ya Mkata Michongoma

Mwanamume akifua leso yake mwenyewe, ana lake jambo. Ndivyo mfagizi wa zahanati alivyowaza asubuhi ile akimchungulia mumewe uani. Bwana huyu hajawahi kufua hata soksi, leo anasugua leso kwa mkono wa kushoto, kwa bidii yote. Tangu jana mkono wa kulia ulikuwa mfukoni, na simu ikilia anatoka nje. Mke alinusa shati lake, akaambulia jasho na majani tu.

Alipomuuliza, mume alisema kachomwa na mwiba, na kwamba siku hizi mke wake ana maneno mengi.

Mwiba! Mtu anakata michongoma mwaka wa kumi na nane huu, tangu lini mwiba ukafichwa mfukoni? Hapo pana mwanamke, tena mke alishampa hata sura: mwembamba, mwenye mwanya. Akaingia bafuni kutafuta ushahidi. Mswaki wa mume ulikuwa na damu, na beseni pia. Wivu wote ukamwisha, akaogopa.

Kule zahanati hufuta vumbi kwenye bango la nyoka kila siku, maneno yake ameshayakariri. Yupo mmoja wa kijani, kichwa kifupi, macho makubwa kupita kiasi. Akikuuma unaweza kujiona mzima, halafu kesho yake fizi zinavuja damu.

Akatoka uani mbio. "Huyo nyoka alikuwa na macho makubwa?"

Mume akakaa chini, akasema yote. Wenzake kazini humwita Profesa, maana kila nyoka anayeonekana huulizwa yeye. Jana alimshika mmoja kwa mkono mtupu, akawatangazia kwamba wa kijani hana sumu. Akaumwa kidole, akacheka, akafunga leso, kisha akamrudisha nyoka kwenye michongoma ileile. Asubuhi hii wenzake walikuwa humo humo, hawana glavu.

Mke akamwambia asifunge kamba wala kuchanja kidole, atulie, gari la hospitali linaitwa sasa hivi. Lakini wenzake nao waambiwe watoke.

"Nikiwapigia, kesho wataniitaje?"

"Mimi wataniita mjane."

Mume akaitoa simu mfukoni, akatafuta namba ya msimamizi wao wa kazi, kisha akampa mkewe aongee.