Supu ya Aloyce

Asubuhi ya tarehe ishirini na sita Desemba, mwaka ule wa Olimpiki ya China, Felisia alitoa sufuria kwenye friji akaangalia kilichobaki kwa bata bukini wa Krismasi. Kulikuwa na mgongo mzima, shingo, miguu miwili, bawa moja alilolitafuna shemeji yake Shedrack upande mmoja akalitelekeza, na firigisi. Bata alikuwa amemnunua akiwa hai sokoni nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Muuzaji alimchinja na kumnyonyoa palepale na, kama ilivyo kawaida ya watu wa Guangzhou, akamrudishia kila kitu mpaka kichwa. Kichwa Felisia alikigawa. Firigisi aliitunza.

Kwao Njombe firigisi hailiwi na yeyote tu. Hupewa mgeni wa kiume wa heshima, na Krismasi ile mgeni alikuwa Aloyce, mtu wa Singida. Aloyce ndiye aliyempokea Felisia alipotua China mara ya kwanza hajui hata kuomba maji. Alimtembeza mtaa wa Yide Lu duka kwa duka, akamfundisha kumwita mwenye duka laoban na kulalamikia bei bila kucheka. Firigisi ilikuwa haki yake kabisa. Tatizo ni kwamba viza yake ilikwisha Agosti, na mwaka ule hakuna aliyekuwa anaongezewa.

Alifika mchana wa Krismasi, saa saba, akagonga. Ndani walikuwa watatu: Felisia, Shedrack aliyekuwa akikaa naye, na Henriette wa Lubumbashi, jirani wa mlango wa pili. Chakula kilikuwa mezani na kwaya inaimba kwenye kompyuta. Felisia alishika komeo, na papo hapo akasikia lifti ikifunguka na askari wakiulizia pasipoti kwenye korido. Nguo za watoto alizozihangaikia miezi mitatu zilikuwa zinapakiwa melini bandari ya Huangpu kesho yake. Wangemkuta na mtu asiye na viza nyumbani kwake, yake nayo ingefutwa. Aliondoa mkono kwenye komeo. Alimwonyesha Shedrack kwa kidevu azime muziki, na Shedrack akazima.

Aloyce aligonga tena, taratibu. Hakuita jina la mtu. Askari walipomfikia wakamuuliza nani anakaa humo, Felisia, sikio likiwa mlangoni, alimsikia akijibu kwa Kichina chake cha sokoni: meiyou ren, hakuna mtu. Wakaondoka naye. Mlango hawakuugusa.

Ndiyo maana bata alibaki mwingi.

Sasa chakula hakitupwi, na Shedrack alikuwa na mafua ya kufa mtu. Felisia aliuvunjavunja ule mgongo kwa kisu kizito, akaanzia maji baridi, akatia tangawizi ya kuponda, kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi. Aliiacha ichemke kwa moto mdogo saa tatu nzima huku akiengua povu na mafuta, maana mafuta ya bata bukini ukiyaacha yote supu inakinaisha. Kisha akapakua mabakuli manne. Wanywaji walikuwa watatu, lakini mkono ulikuwa umeshahesabu wanne tangu jana, na firigisi ikaenda kwenye la nne.

Saa sita na nusu supu ya bakuli la nne ilianza kupungua. Ilipungua kidogo, ikatulia, ikapungua tena, kipimo cha kijiko kwa kijiko.

“Aloyce yuko salama,” Shedrack alisema, akapenga kamasi.

“Na ana njaa,” Henriette alisema.

Bakuli lilipofika chini, firigisi ilibaki peke yake. Felisia alisema labda haijaiva. Akairudisha sufuriani.

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Mzigo uliondoka Huangpu salama, mwaka ukageuka, na kila siku saa sita na nusu Aloyce alikunywa supu yake huko walikomfungia. Mifupa ilikuwa ile ile, na wiki ya pili bado ilitoa mafuta ya kuengua. Bibi mwenye nyumba alikuja kusoma mita ya umeme akakuta bakuli linashuka, akamwashiria Felisia alifunike na kisahani lisipoe. Siku nyingine supu ilikwisha haraka kama inayonywewa na watu wanne. Felisia alielewa kwamba Aloyce anagawa, akanunua bakuli kubwa.

Firigisi tu ndiyo haikuguswa. Ilikuwa laini kama ini, na kila siku ilibaki pale chini, safi, imerambwa mchuzi.

“Njo maana anaiacha, mama Felisia,” Henriette alimwambia. “Anajua mulikuwa ndani.”

“Mlikuwa? Na wewe hukuwemo?”

“Na miye nilikuwamo,” Henriette alisema.

“Aliwaambia hakuna mtu. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Asingesema hivyo kama anajua.”

“Alisema juu ya kutuokoa.”

Felisia alirudi kwenye sufuria. Yale maneno mawili ya Kichina ndiyo yaliyokuwa yakimpa usingizi, na hakutaka mtu ayachezee. Hata hivyo aliumia. Akiwa anaengua povu alianza kupanga atakayomwambia siku wakionana: Aloyce, tulikuwa ndani, niliogopa, nisamehe. Hayakuwa maneno mengi. Baada ya siku kumi alikuwa anayajua kama sala ya kabla ya chakula.

Katikati ya Januari, saa sita na nusu ilipita na bakuli likabaki limejaa. Felisia alionja chumvi. Alipasha supu, akaimimina upya, akakaa mbele yake bila kwenda sokoni. Shedrack alirudi na mizigo akamkuta hapohapo. Saa kumi na moja na nusu jioni supu ilianza kushuka.

Henriette, aliyekuja kuazima kitunguu, alihesabu kwa vidole. “Sasa kwenu ni saa sita na nusu,” alisema. “Wamemurudisha.”

Felisia alilia. Aloyce alikuwa amekaa Guangzhou miaka tisa, na kwa jinsi walivyokuwa wakirudishwa wenzake, atakuwa ametua na nguo alizovaa kwa ajili ya Krismasi.

Simu ilikuja baada ya siku mbili.

“Shikamoo, kaka Aloyce.”

“Marahaba, dada. Supu inafika.”

“Inafika ya moto?”

“Ya moto kabisa. Mle ndani tulikuwa wanne, wenzangu waliniambia nikushukuru.” Alikohoa. “Firigisi usiwe unaniwekea. Mpe Shedrack.”

“Kwa nini, kaka?”

“Mpe tu Shedrack.”

Upande wa Singida kulikuwa na mtu anafagia uwanja.

“Dada Felisia,” Aloyce aliuliza, bila ukali wowote, “Krismasi ile mlikuwa wapi?”

Maneno alikuwa nayo. Alikuwa ameyapanga siku ishirini, yapo mdomoni, ni kufungua tu.

“Tulikuwa kanisani,” Felisia alisema. “Ibada ilichelewa.”

Ufagio ulipita mara mbili tatu.

“Kanisani,” Aloyce alisema. “Sawa, dada. Hata mimi niliwaambia hakuna mtu.” Kisha akasema apunguze chumvi, maana mama yake ana presha na wanakunywa wote wawili. Felisia akasema atapunguza.

Alipunguza. Kesho yake jioni alimpa Shedrack firigisi, naye akaila akiwa amesimama, akitazama ukuta. Saa kumi na moja na nusu bakuli kubwa lilianza kushuka kwa vijiko viwili, kimoja cha mtu mzima mwenye njaa na kingine kidogo, cha mama mzee asiye na haraka. Felisia alivuta kiti akaliinamia bakuli, akasema yote, neno kwa neno, kwamba walikuwa ndani, kwamba mkono wake ulikuwa kwenye komeo, kwamba yeye ndiye aliyeamuru muziki uzimwe. Alisema kwa sauti ya kusikika. Lakini bakuli lile lilikuwa linapeleka supu tu, na vijiko viwili viliendelea kupokezana mpaka ikaisha.